Laini moja, vyumba 24: jinsi ya kugawa intaneti bila mtu kuonewa

Hosteli ninayoitunzia mtandao iko Malimbe, Mwanza, si mbali na lango la chuo kikuu cha SAUT, upande ule ambao nyumba zimejibana katikati ya mawe. Ina vyumba 24, kila chumba wanafunzi wawili, na laini moja ya faiba: megabiti 20 kwa sekunde za kushusha na 5 za kupandisha. Mchana watu wakiwa vipindini, hizo 20 zinatosha na zinabaki. Kazi inaanza saa mbili usiku. Wote wamerudi, simu na laptop zote ziko hewani, na kwenye grupu la WhatsApp la hosteli kila mtu anaandika kitu kilekile: mtandao unazingua.

Mwenye nyumba akilalamikiwa, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuongeza kifurushi. Mimi humwambia angoje kwanza. Laini isiyo na utaratibu wa kugawana huliwa na watu wawili watatu, iwe ya 20 au ya 100, na ukiiongeza umewaongezea walewale. Panga ugawaji kwanza, halafu ndipo utajua kama kweli laini ni ndogo.

Pima kabla hujagusa kitu

Chukua laptop, ichomeke kwenye ruta kwa kebo. Ukipima kwa Wi-Fi utakuwa unapima ukuta na umbali, laini yenyewe hutaijua. Pima alfajiri watu wamelala, pima mchana, pima saa tatu usiku, na andika namba zote mbili, ya kushusha na ya kupandisha. Namba hizo ni megabiti, wakati faili linaposhuka laptop hukuonyesha megabaiti, kwa hiyo gawa kwa 8. Laini ya 20 ikiwa nzima inashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde. Muvi ya GB 4 itachukua karibu nusu saa hata ukiwa peke yako nyumba nzima. Kuna malalamiko yanayoisha hapohapo, mtu akishafanyiwa hesabu hii.

Kipimo cha pili wengi wanakiruka, na ndicho ninachokiamini zaidi. Fungua dirisha la amri, andika `ping 1.1.1.1` (kwenye Windows ongeza `-t` mwishoni ili iendelee) na uiache ikimbie. Laini ikiwa tupu, muda wa kwenda na kurudi utatulia kwenye makumi ya milisekunde. Sasa mwambie mtu mmoja aanze kushusha faili kubwa, na mwingine apandishe video kwenye Google Drive. Kama namba inaruka kutoka makumi hadi mamia, au inafika sekunde nzima, umeupata ugonjwa. Pakiti zako, yaani vile vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo, zimekwama kwenye kumbukumbu ya kifaa fulani njiani, zinangoja nyuma ya faili la mwenzako. Ukitaka kusoma zaidi tafuta neno bufferbloat, jina ambalo mtaalamu wa kompyuta Jim Gettys alilitangaza kuanzia mwaka 2010 hivi.

Usipuuze upande wa kupandisha. Kila faili linaposhuka, kifaa chako hurudisha pakiti ndogondogo za kusema "nimepokea, lete nyingine". Megabiti 5 zikijazwa na simu moja inayopeleka picha zote za sherehe kwenye hifadhi ya mtandaoni, pakiti hizo za kukiri zinachelewa, na kushusha kunalegea kwa nyumba nzima. Nikiitwa usiku, huanza kutazama kupandisha.

Kwa nini mmoja anaweza kula zote

Mwezi Oktoba 1986, huko Marekani, laini iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yenye umbali wa chini ya nusu kilomita, iliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Mashine zilikuwa zinarudia kutuma pakiti zilezile bila kujali msongamano. Mtafiti Van Jacobson akatafuta dawa, akaichapisha mwaka 1988: kila muunganisho upunguze kasi unapoona pakiti zinapotea. Simu na laptop zetu bado zinafuata msingi huo.

Lakini dawa hiyo iliundwa kuokoa mtandao usianguke. Haimjui jirani yako. Inagawa kwa muunganisho, na hakuna sheria inayomzuia mtu kufungua miunganisho mingi. Programu ya kushushia inayokata faili vipande 16 inafungua miunganisho 16, na wewe unayesoma PDF ya mhadhara una mmoja. Ni kama sinia la wali ambalo kila mkono unapewa tonge sawa, na mwenzako amekuja na mikono kumi na sita.

Kwa hiyo mambo mawili yanahitajika: foleni ikae mahali unapoweza kuitawala, na ugawaji uhesabu watu au vyumba, usihesabu miunganisho.

Foleni iwe kwako

Foleni hujengeka penye wembamba. Kama ruta yako inaruhusu 20 na laini ni 20, wembamba uko kwenye kifaa cha kampuni, ambako huna mamlaka yoyote. Ukiweka kikomo cha jumla kwenye ruta yako kiwe chini kidogo ya ulichopima, wembamba unahamia kwako na wewe ndiye unayepanga zamu. Asilimia 85 hadi 95 ya kipimo inafaa. Mimi nimeweka 18 kushusha na 4.5 kupandisha.

Mama mwenye hosteli hakulipenda hilo hata kidogo.

"Mwanangu, nalipia ishirini halafu unanipa kumi na nane?"

"Mama, hizo mbili tunaziacha ili hizi kumi na nane zitulie."

Maneno hayakumtosha, na ana haki, pesa ni yake. Nikamwomba ampigie simu ya video binti yake aliyeko Dodoma, huku laptop ya pili inashusha muvi. Kikomo kikiwa kimezimwa, sura ya binti iliganda mdomo wazi na sauti ikaja vipandevipande. Nikakiwasha, akiwa bado ameshika simu. Baada ya sekunde chache walikuwa wanaongea bei ya mchele. Ukimfanyia mwenye laini jaribio hili mbele ya macho yake, hutahitaji kumweleza tena.

Kikomo hicho kinafaa tu kikiwa chini ya kile laini inachotoa kweli. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilidorora na namba zote tulizokuwa tumeweka zikawa kubwa mno. Siku za namna hiyo pima upya, shusha kikomo, na uwajulishe watu umeshusha na kwa nini.

Usimpe kila mtu kakipande kake

Mafundi wengi wakisikia neno "haki" wanagawa kwa kalkuleta. Megabiti 18 kwa watu 48 ni kilobiti 375 kila mmoja, basi wanaweka kikomo hicho kwenye kila kifaa na kuondoka. Nimekuta mtandao wa namna hiyo Nyegezi: saa nne asubuhi nyumba ina mtu mmoja tu, anaumwa, anatazama video ya darasa alilokosa, inakwama kila dakika, na megabiti 17 zimelala bure. Huyo amenyimwa, hakugawiwa.

Haki ninayoitetea ni kugawa kilichopo kati ya wanaotumia sasa hivi. Vyumba tisa vikiwa vinavuta kwa pamoja, kila kimoja kinapata megabiti 2. Kikibaki kimoja, kinachukua zote 18. Na chumba kinachopiga simu ya sauti tu, ambayo haifiki hata kilobiti 100, hakichukui fungu lake lote, na kinachobaki kinarudi kwa wengine. Ndiyo maana siwekei simu wala masomo kipaumbele cha pekee. Anayetumia chini ya fungu lake hangoji, na simu huwa ziko chini siku zote. Orodha ndefu za "hii kwanza, hii baadaye" zinachosha kuzitunza, na wanafunzi wa kompyuta huzipita kwa VPN wiki hiyohiyo. Ukigawa kwa chumba, VPN haimsaidii mtu kitu, fungu ni lilelile.

Kwenye ruta za MikroTik kazi hii inafanywa na foleni inayoitwa PCQ. Kabla ya yote zima FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha data haraka. Mipangilio ya kiwandani huwa inaiwasha, na data inayopita humo inaruka foleni za aina hii tunayoiweka. Watu wanaandika sheria nzuri kabisa, hazifanyi kazi, wanalaumu ruta.

`/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]`

Kisha tengeneza aina mbili za foleni na uzifunge kwenye mtandao wako:

`/queue type add name=chumba-shusha kind=pcq pcq-classifier=dst-address pcq-dst-address-mask=29`

`/queue type add name=chumba-pandisha kind=pcq pcq-classifier=src-address pcq-src-address-mask=29`

`/queue simple add name=hosteli target=192.168.88.0/24 max-limit=4500k/18M queue=chumba-pandisha/chumba-shusha`

Kwenye mstari wa mwisho kupandisha kunatangulia, kushusha kunafuata. Ukizigeuza utawapa watu megabiti 4.5 za kushusha na utapigiwa simu usiku huohuo. Sijaandika `pcq-rate`, kwa hiyo inabaki sifuri, na sifuri ndiyo inayosema "gawa sawa kwa waliopo, bila dari ya mtu mmojammoja". Kama laini yako inatoa pia IPv6, yaani anwani za mtandao za mfumo mpya, foleni hii haiigusi. Ipangie ya kwake au izime mpaka utakapokuwa tayari.

Ile 29 inafanya nini

Hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo, maana ndipo haki inapopatikana au kupotea. Ukigawa kwa kifaa, mwenye simu mbili, laptop na televisheni ana mafungu manne, na mwenzake mwenye simu moja ya kioo kilichopasuka ana moja. Mwenye uwezo anapewa zaidi kwa sababu ana vitu vingi. Mask ya 29 inaiambia ruta ihesabu anwani nane kama mtu mmoja.

Basi nimempa kila chumba anwani nane, zikianzia kwenye namba ya chumba mara nane. Chumba cha 1 kina .8 hadi .15, yaani 192.168.88.8 hadi 192.168.88.15. Chumba cha 5 kina .40 hadi .47. Chumba cha 24 kinaishia .199. Ruta yenyewe inakaa .1, na wageni wasiosajiliwa wanapewa .200 hadi .207 kwa saa moja moja, wote wakila fungu moja. Wanaoishi chumba kimoja wanamalizana wenyewe, na kwa kawaida wanajuana vizuri kuliko ruta inavyoweza kuwajua.

Usajili unahitaji uvumilivu. Nina daftari, mwanafunzi akihamia analeta vifaa vyake, naandika anwani ya MAC ya kila kimoja (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao), na kwenye ruta nakifunga kwenye namba ya chumba chake. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujitungia anwani ya MAC ya bandia kwa kila Wi-Fi. Mtu akiufuta mtandao na kuunganisha upya, anaweza kurudi na sura mpya na kuangukia kwa wageni. Mwombe azime kipengele hicho kwa Wi-Fi ya hosteli tu, na mwoneshe kilipo kwenye simu yake. Akikataa kwa sababu ya usiri, mheshimu. Mweleze tu kwamba atakuwa fungu la wageni.

Kama ruta yako inatumia OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, njia ni fupi zaidi. Weka kifurushi cha `luci-app-sqm`, chagua `cake` na `piece_of_cake.qos`, andika kasi zako mbili zilizopunguzwa, kisha kwenye chaguo za juu andika `nat dual-dsthost ingress` upande wa kushusha na `nat dual-srchost` upande wa kupandisha. Hapo itagawa kwa kifaa kwanza, halafu kwa miunganisho ndani ya kifaa. Haihesabu vyumba, ila inapunguza kusubiri vizuri sana, na kwa familia au ofisi ya watu kumi ndiyo ningeichagua.

Ruta iliyokuja na laini mara nyingi haina lolote kati ya haya. Iache ilivyo, nunua ya pili yenye uwezo, uiweke katikati, na uzime Wi-Fi ya ile ya kwanza. Usipoizima, wajanja wataiunganisha na watakuwa nje ya foleni yako yote.

Hewa nayo inagawanywa

Foleni ya ruta haitibu Wi-Fi mbovu. Mawimbi ni ya wote, na anayezungumza polepole anashika hewa muda mrefu. Kwetu chumba cha mwisho kipo nyuma ya kuta tatu za tofali za saruji na jiwe ambalo fundi ujenzi aliamua kuliacha ndani ya ukuta. Simu ya huko ilikuwa inaongea na ruta kwa megabiti chache tu, na ikianza kushusha, korido nzima inalegea ingawa laini haijajaa.

Vuta kebo, weka kituo cha pili cha Wi-Fi karibu na chumba hicho. Vile virudishio (repeater) vya kuchomeka ukutani siviamini, vinapokea na kutuma kwa hewa ileile na kasi inapungua kwa nusu. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 peke yake, upana wa MHz 20. Wenye vifaa vinavyoweza, wahamishie 5 GHz.

Kama laini yako ni ya simu

Ofisi nyingi za mwaloni Kirumba na nyumba nyingi za Ukerewe zinatumia ruta ya laini ya simu, na huko mambo ni tofauti kidogo. Kasi ya 4G inapanda na kushuka kwa saa, kwa hiyo kikomo kiwekwe kwa kipimo cha jioni, hata kama alfajiri utapoteza. Na mara nyingi kinachoisha mapema ni GB za bando. Kugawa kasi sawa hakutamzuia kijana mmoja kumaliza bando la wiki kwa siku mbili akiwa peke yake hewani. Hapo gawa GB: kila mtu awe na akaunti yake kwenye ukurasa wa kuingilia wa MikroTik, na kiasi chake cha siku. Akikimaliza usimkatie kabisa, mpunguzie kasi, WhatsApp iendelee, maana mfanyabiashara wa dagaa asiyepata ujumbe wa mteja amepoteza zaidi ya bando.

Popote ulipo, tafuta vinavyojitumia vyenyewe. Kwenye Windows iwekee Wi-Fi alama ya mtandao unaolipiwa kwa kipimo, masasisho mengi yatangoja. Kwenye simu, hifadhi ya picha iwekwe wakati wa usiku wa manane au izimwe. Video ya 480p inatumia karibu megabiti 1, ya 1080p karibu 5, na kwenye kioo cha simu tofauti ni ndogo. Haya waombe watu, usiwalazimishe kwa kufunga tovuti. Mimi sijafunga YouTube na sitaifunga. Nusu ya masomo yao yako huko.

Ruta itakuonyesha nani ametumia kiasi gani, na kwa chombo cha Torch utaona hata anawasiliana na anwani zipi. Tumia hilo kutafuta hitilafu tu. Usipeleke majina kwenye grupu, usimwambie mwenye nyumba chumba fulani kinatazama nini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hawa ni watu wanaokuamini. Ninachobandika ubaoni ni mchoro wa matumizi ya nyumba nzima kwa saa, bila majina. Na ukianza kuuza intaneti kwa majirani, nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza ujue leseni inayokuhusu.

Mwisho rudia jaribio la mwanzo. Laptop moja ishushe kwa programu ya vipande 16, nyingine ya chumba kingine ishushe faili la kawaida, ya tatu iendeshe ping. Mbili za kwanza zinapaswa kukaribiana kasi, na ping ibaki karibu na pale ilipokuwa laini ikiwa tupu. Kama ping bado inaruka, punguza kikomo kwa nusu megabiti, ujaribu tena. Na kama baada ya hapo vyumba vyote 24 vinavuta kila usiku na kila kimoja kinaambulia robo tatu ya megabiti, sasa mwenye nyumba anaweza kwenda kununua laini kubwa, na kila megabiti atakayoongeza itawafikia wote.

Kabla hujafunga laptop, andika `/export file=hosteli`, nakili faili hilo kwenye simu yako na uiachie nakala mwenye nyumba. Umeme wa radi za msimu wa mvua huku ziwani unaua ruta, na ukiwa na faili hilo unanunua nyingine mjini asubuhi na kufikia mchana watu wako hewani kwa mafungu yaleyale.